Mungu Hajazoea

Hapa Majengo, mjini Moshi, mtu akiibiwa pikipiki, kuna njia ambayo kila mkazi anaijua. Ataanza kituo cha polisi achukue RB, namba ya kumbukumbu ya taarifa yake. Atapita kwa mwenyekiti wa mtaa. Vijana wa kijiweni wataulizwa, mara ya kwanza kwa upole. Yakishindikana yote, mtu mzima atasimama barazani na kutangaza, kwa sauti itakayofika nyumba ya tatu, kwamba aliyechukua anapewa siku saba arudishe. Zikipita, itasomwa Albadiri. Hapo mtaa hunyamaza. Hata wasio Waislamu hunyamaza, na ni wengi, maana hapa adhana na kengele husikika asubuhi moja.

Albadiri ni kisomo cha majina ya watu wa Badri, wale wapatao 313 waliosimama na Mtume katika mwaka wa pili wa Hijra. Masheikh hawakubaliani juu yake; wapo wanaosema ni bidaa, na mimi Mlutheri sina la kuamua katika shauri lao. Kinachonishika ni sharti ambalo wazee hulitaja kabla ya kukubali kusoma: anayeomba awe amedhulumiwa kweli. Akiwa amezua, au akiwa anamsomea jirani kwa wivu, kisomo humrudia mwenyewe. Huko juu mlimani Wachagga walikuwa na chungu cha laana na kengele ya laana. Charles Dundas, ofisa wa Kiingereza aliyetoa kitabu juu ya Kilimanjaro na watu wake mwaka 1924, aliandika juu ya laana hizo na hofu iliyozizunguka. Wapo wanaoziogopa hadi leo, na wanayemwogopa zaidi ni mtu anayelaani bila haki, kwa kuwa huyo anaweza kuangamiza ukoo wake mwenyewe.

Mahubiri mengi huyafunga mambo haya katika mzigo mmoja wa ushirikina na kuyatupa. Ushirikina upo, sikatai. Lakini chini yake kuna jambo ambalo watu wetu walilijua kabla ya kusomeshwa katekisimu: uovu una Mwenye kuuchukia, na huyo hana upendeleo. Anayemwita aje ahukumu kwa jirani ajue kwamba ameufungua na mlango wake mwenyewe.

Katika ibada zetu za Jumapili tumekuwa tukilionea haya jambo hili. Zaburi ya 23 inajulikana hadi na watoto wa shule ya Jumapili. Zaburi ya 109 ni nadra kuisikia ikisomwa madhabahuni, na ile ya 137 tunaiimba mpaka pale Wayahudi wanapolia kando ya mito ya Babeli, kisha tunaikata kabla ya mstari wake wa mwisho wenye kutisha. Tunasema Mungu ni pendo, na ni kweli tupu. Lakini kusema kwa kinywa kipana kwamba Mungu anachukia, hapo tunasita, kwa sababu chuki tunayoijua ni ile yetu. Chuki yetu huzaliwa na jeraha, hulala nasi kitandani, na mwisho humla aliyeilea. Tunaogopa kumvisha Mungu ugonjwa wetu.

Lakini Maandiko hayasiti. Sura ya 6 ya Mithali inataja mambo saba ambayo Mungu hayavumilii. Kumwaga damu ya asiye na hatia ni moja. Kutoa ushahidi wa uongo ni jingine. La mwisho kutajwa ni kupanda fitina kati ya ndugu. Kurani nayo inarudia tena na tena kwamba madhalimu hawana nafasi katika mapenzi ya Mwenyezi Mungu, na Waislamu wa Majengo wamelelewa wakijua kwamba kati ya dua ya aliyeonewa na Mola wake hakuna pazia. Chuki hii haikuzaliwa na jeraha la Mungu. Inatoka katika pendo lilelile tunalolihubiri. Anayempenda mtoto wa mjane hawezi kumtazama anayemdhulumu mtoto yule kwa moyo uliotulia.

Binadamu tumepewa uwezo wa kuzoea, na ni rehema: bila uwezo huo mfiwa asingekula tena. Lakini uwezo huohuo ndio ngao kubwa ya mwovu. Hahitaji kushinda kesi. Anahitaji kungoja tu. Mwaka wa kwanza watu watalia, mwaka wa kumi watasimulia, na baada ya miaka mia moja damu itakuwa somo la darasani lenye tarehe za kukariri. Kuomba haki kwa imani kwamba Mungu anachukia uovu ni kumwendea Yule mmoja ambaye hajazoea. Kwake jambo halijawa la zamani.

Nalifikiria hili zaidi ninapopanda Old Moshi. Kutoka mjini unapita Kiboriloni, unaacha joto la tambarare, migomba na kahawa inaanza kukusogelea pande zote mbili, na mbele yako kilele cha Kibo kipo ikiwa mawingu yameruhusu. Huko ndiko ilikokuwa Moshi yenyewe kabla reli ya kutoka Tanga haijauvuta mji ushuke chini. Huko alitawala Mangi Rindi, na baada yake mwanawe, Meli.

Juni 1892 watu wa Meli walilishinda jeshi la Wajerumani, na kamanda wake, von Bülow, akauawa. Agosti mwaka uliofuata Gavana von Schele alikuja mwenyewe na kikosi kikubwa, na Meli akashindwa. Mwaka huohuo wa 1893 wamisionari wa Leipzig waliingia Kilimanjaro, wakianzia Machame. Kisha tarehe 2 Machi 1900, chini ya Kapteni Kurt Johannes, Meli alinyongwa mtini pamoja na viongozi wengine 18 wa Wachagga, Wameru na Waarusha, kwa tuhuma kwamba walikuwa wakipanga kuushambulia utawala wa Kijerumani. Molelia wa Kibosho alikuwemo. Ngalami wa Siha alikuwemo. Wazee wa Old Moshi husimulia kwamba Meli alikaa saa nyingi mtini kabla ya kukata roho. Familia yake inasema kichwa chake kilikatwa, kikasafirishwa kwenda Ujerumani, nchi ambayo katika miaka ile wataalamu wake walikuwa wakikusanya mafuvu ya watu wa makoloni kwa maelfu na kuyapanga makabatini kwa jina la sayansi.

Sasa fikiri kilichofuata. Kabla kizazi kimoja hakijapita, watu wa Old Moshi walikuwa wamekaa kanisani Kidia, si mbali na mti ule, wakifundishwa na Bruno Gutmann, Mjerumani wa misheni ya Leipzig. Wapo wanaouona huu kuwa ushindi wa mwisho wa Johannes: amewanyonga baba, na watoto wanaimba nyimbo za nchi yake. Nimelisikia likisemwa na vijana wenye uchungu wa kweli, na uchungu wao nauheshimu. Lakini silikubali. Bunduki na Biblia zilipita barabara moja, hilo ni kweli na lisifichwe. Ila Biblia haikuwahi kuwa mtumwa mtiifu wa bunduki. Mtu aliyemweka Mchagga chini ya mti kumtazama Mangi wake akifa, kisha akamwachia mikononi Zaburi ya 94, kitabu cha Habakuki na habari ya damu ya Habili inayolia kutoka ardhini, alikuwa amemkabidhi hati ya mashtaka dhidi ya mti uleule. Wachagga walimwomba Mungu wa Wajerumani awahukumu Wajerumani, na walikuwa na haki ya kutarajia kwamba angefanya hivyo, kwa kuwa hakuwa Mungu wa Wajerumani hata siku moja. Mlima huu ulimjua kwa jina la Ruwa kabla meli ya kwanza ya Wajerumani haijatia nanga Tanga.

Mjukuu wa Meli, Mzee Isaria Meli, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake akitafuta kichwa cha babu yake. Aliandika barua kwa serikali, alihojiwa na waandishi, alitoa mate yake yapimwe vinasaba. Mwaka 2023 taasisi inayosimamia makumbusho ya taifa mjini Berlin ilitangaza matokeo ya kwanza ya aina yake: fuvu moja lilioana na ukoo wa Akida, mshauri wa Mangi Meli, na mengine mawili yakaelekea ukoo wa Mangi Molelia wa Kibosho. Meli mwenyewe hakuwamo kati ya yaliyotambuliwa. Novemba mwaka huohuo Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea, ambako mwaka 1906 mashujaa wa Maji Maji walinyongwa kwa makumi, akainamisha kichwa na kuomba msamaha.

Miaka 123. Mtu anaweza kusema hayo ndiyo majibu ya maombi, na mwingine akasema ni miaka 123 ya Mungu kulala. Mimi sipati amani katika upande wowote kati ya hizo mbili. Kama Mungu alichukia kule kunyonga siku ile ya Machi, kwa nini kamba haikukatika? Zaburi zenyewe zinauliza hivyo, bila adabu ya bandia, na sioni mahali Mungu alipozijibu kwa maelezo. Naona tu kwamba wanaouliza hawakuondoka. Walibaki wakiuliza mbele yake, jambo lenye maana kubwa, kwa sababu mtu hamlalamikii jiwe. Anayemwuliza Mungu "hadi lini" ameshakiri kwamba Mungu anaona alichokiona yeye, na kwamba anakichukia kuliko yeye. Angekuwa na shaka na hilo asingeuliza. Angenyamaza na kuzoea.

Sababu ya kupona kwa kumbukumbu ya Meli nayo ni hiyohiyo. Taifa lilikuwa na mengine ya kushughulikia, Ujerumani ilikuwa na vita zake mbili na aibu zake kubwa zaidi, vitabu vya shule vilimpa Meli nafasi ndogo. Kilichobaki ni watu waliokataa kukubali kwamba jambo limekwisha. Naamini kukataa kule kulikuwa aina ya sala, hata pale ambapo halikutajwa jina la Mungu.

Lakini mti wa Old Moshi una jambo jingine, na hapa ndipo wengi tunapotaka kushuka mlima haraka. Wanahistoria wa Wachagga, akiwemo Kathleen Stahl aliyeandika katika miaka ya 1960, wameonyesha jinsi Marealle wa Marangu alivyokuwa karibu na Kapteni Johannes, na jinsi maneno ya fitina dhidi ya wapinzani wake yalivyopata sikio bomani. Mjerumani ndiye aliyetoa amri, na mzigo wa amri ni wake. Ila njia ya kuelekea mtini ilifagiliwa kwa ndimi za Kichagga. Ukirudi nyuma zaidi utamkuta Rindi mwenyewe, mtu hodari na mwenye akili kubwa ya siasa, akivamia majirani na kuwauza mateka kwa misafara ya pwani. Wale mateka nao walikuwa na mama. Majina yao hayamo katika kumbukumbu ya Berlin wala ya Old Moshi.

Kwa hiyo mtu wa mlimani akipiga magoti chini ya mti ule na kumwomba Mungu atende haki, anaomba jambo zito kuliko anavyodhani. Yale mambo saba ya Mithali yanakutana pale yakiwa yamevaa ngozi mbalimbali: mkono uliomwaga damu ulitoka Ulaya, ulimi wa fitina ulitoka Marangu, na boma la Rindi lilijengwa kwa mali ambayo sehemu yake ilitokana na watu kuuzwa. Mungu hachukii kimoja na kuvifumbia macho vingine. Sisemi hili ili kugawa lawama kwa mizani sawa na kumpunguzia Johannes. Hoja ya namna hiyo nimeisikia mara nyingi, na ni njia nyingine ya kuzoea. Nasema kwamba anayetaka hakimu asiyezoea damu ya babu yake atampata hakimu ambaye pia hajazoea damu aliyoimwaga babu yake. Hakuna mwingine wa kuombwa.

Hapo ndipo ninapopaona pengo katika maombi mengi yanayosikika Moshi usiku wa kesha. Tunaomba kwa nguvu, tunapiga miguu chini, tunaita moto ushuke juu ya adui. Adui huyo karibu kila mara ni mtu wa karibu: shangazi aliyezuia ndoa, mfanyakazi mwenzetu aliyepandishwa cheo, jirani ambaye biashara yake imechangamka kuliko yetu. Ni nadra kusikia sala ya namna ile ikielekezwa kwa rushwa iliyomnyima mjane kihamba chake, shamba lake la urithi, au kwa waajiri wa wasichana wa kazi za nyumbani wanaolala jikoni. Katika mikoa mingine ya nchi yetu, bikizee wenye macho mekundu kwa moshi wa kuni wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na watu wenye ualbino wamekatwa viungo. Waliotenda hayo nao walikuwa na hakika kwamba wanajua adui ni nani. Sala inayoanza kwa kumteua mwovu kabla ya kuutazama uovu huishia kwa panga.

Majengo tunayo sababu yetu ya kulifikiria jambo la sala kwa hofu. Jioni ya tarehe 1 Februari 2020, katika mkutano wa maombi uliofanyika uwanjani hapa, watu waliambiwa wapite juu ya mafuta ya upako yaliyomwagwa chini. Walikimbilia mlango mmoja kwa pamoja. Watu 20 walikufa kwa kukanyagwa, wakiwemo watoto.

Yaliandikwa mengi siku zile, na mengine yalikuwa ya kejeli juu ya watu wanaokimbilia mafuta. Kejeli ile iliniumiza na inaniuma bado. Wale walikuwa watu wa kawaida wa mji huu na wa vijiji vya jirani, waliokuja na mizigo yao. Ukimwuliza mtu yeyote aliyewahi kwenda mikutano kama ile atakwambia anachoombea: ugonjwa usiojulikana, mtoto asiyepata kazi, mume aliyehama, deni, kesi ya ardhi isiyokwisha. Katika orodha ya namna hiyo magonjwa ni sehemu tu. Mengi yaliyobaki ni dhuluma. Watu wale wanatafuta haki, wakiwa wamegonga milango yenye mihuri na kukuta imefungwa, na sasa wameambiwa kuna mlango ulio wazi ila uwahi. Neno hilo la mwisho ndilo lililoua. Palipo na haraka ya namna ile, imani katika Mungu anayechukia uovu imeshaondoka, ikaachia nafasi hofu ya kukosa fungu. Mungu asiyezoea hana haja ya mtu kumkanyaga mwenzake ili amfikie kabla mafuta hayajakauka. Angeweza kungojwa. Na kama nilivyosema juu ya Meli, kungoja kwenyewe ni kuchungu. Sitaki kumdanganya mtu.

Watoto waliokufa uwanjani wanastahili kukumbukwa katika sala za mtaa huu kwa uzito uleule tunaowapa waliokufa mtini. Sijui kwa nini tumeliacha jambo hili limezoeleka upesi hivyo. Pengine kwa sababu lilitokea ndani ya sala, na hatukujua tulishike kwa mkono upi.

Kungoja ninakokutaja hakumaanishi kukaa. Katika mji huuhuu wa Moshi, miaka ya mwanzo ya 1950, alikuwepo wakili mweusi kutoka Bermuda, Earle Seaton. Novemba 1951 serikali ya Kiingereza iliwafukuza Wameru wapatao 3,000 kutoka Ngarenanyuki, nyumba zikachomwa moto, ili ardhi igawiwe walowezi wa Kizungu. Wameru walimtuma Kirilo Japhet, na Julai 1952 alisimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa mjini New York, Seaton akiwa pamoja naye. Shauri lao halikupata kura za kutosha katika Baraza Kuu. Walishindwa, kwa hesabu za siku ile. Lakini mpango wa walowezi haukusimama, na ardhi ikarudi baadaye mikononi mwa Wameru, na safari ile ikawa mojawapo ya shule za kwanza za uhuru wa Tanganyika. Walioombea haki walinunua pia tiketi ya ndege, kwa michango ya watu maskini. Sioni mgongano wowote. Anayesadiki kwamba Mungu anachukia dhuluma husimama mbele ya watawala bila kutetemeka sana, maana anajua shauri lilikwisha kusikilizwa mahali pa juu kabla halijaandikishwa New York.

Imani hiyo niliiona tena katika siku zetu. Februari 2018 risasi ilimpata Akwilina Akwilini, mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, akiwa ndani ya daladala Dar es Salaam, siku polisi walipokuwa wakiwatawanya waandamanaji wa chama cha upinzani. Alizikwa kwao Rombo, upande wa mashariki wa mlima huu. Hakuna aliyetiwa hatiani kwa risasi ile. Mwezi uliofuata maaskofu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), wakiongozwa na Askofu Fredrick Shoo ambaye ofisi yake ya dayosisi ilikuwa hapa Moshi, walitoa waraka wa Pasaka ulioitwa Taifa Letu, Amani Yetu. Walizungumzia hofu, watu kutekwa, watu kuuawa. Barua ya kiserikali ikaja ikiwataka waufute. Baadaye waziri mwenye dhamana akaitengua barua hiyo. Nilifurahi, bila shaka. Kilichobaki moyoni mwangu zaidi, hata hivyo, ni kwamba waraka ulitolewa usomwe kanisani, katika ibada, mahali pa sala. Wakati ule watu walikuwa wakinong'ona hata majumbani mwao. Kusema mbele ya madhabahu kwamba Mungu hajaridhika na damu hii kulihitaji imani ya aina moja na ya Kirilo.

Ndiyo maana sioni ubaya kumwombea mwovu aanguke, mradi tujue tunaomba nini. Tunaomba mkono wake ushindwe, uongo wake uonekane, cheo anachokitumia kuonea kitoke mikononi mwake. Tunaomba atubu kama yumo wa kutubu. Tunaomba hayo tukiwa tumekubali kuchunguzwa kwanza sisi. Mwanamke wa Majengo anayedai kihamba cha marehemu mumewe kutoka kwa mashemeji ana haki ya kumlilia Mungu usiku kucha dhidi yao, kwa maneno makali kadiri atakavyoweza, na asitokee mchungaji wa kumwambia asamehe kesho asubuhi ili ukoo upate amani. Msamaha una wakati wake, na hauna kazi ya kumfichia mnyang'anyi. Alilie haki, na aende Baraza la Ardhi na Nyumba na vielelezo vyake. Na mwaka atakapokuwa na mkwe wake mwenyewe aliyefiwa, akumbuke aliyoyaomba.

Ningependa tarehe 2 Machi iingie katika kalenda ya sala ya sharika zetu zote za mlimani na za mjini, Majengo ikiwemo. Yasomwe majina ya wale 19, yote yanayojulikana, pamoja na Akida ambaye mifupa yake sasa ina jina. Wakumbukwe mateka waliouzwa kutoka miteremko hii, ambao hakuna aliyeandika majina yao, na watajwe hivyohivyo, kama watu ambao Mungu anawajua. Marangu na Old Moshi waiongoze sala hiyo kwa pamoja, na fitina iungamwe kwa kinywa cha wajukuu. Kisha tuwaombe Wajerumani, kwa barua yenye muhuri wa usharika, watuambie fuvu la Meli liko kabati gani. Na tumwombe Mungu asiwaache walinzi wa makabati hayo wapate usingizi mzuri mpaka wamejibu.